Ngumi ya Baba

Macho ya baba yalipogeuka ya njano, miaka ile ya sabini, alipasuliwa tumbo hospitalini Iringa. Daktari aliniita mimi, mtoto pekee wa baba: kansa ya kongosho imekumbatia mshipa mkubwa wa damu, haitoki, alichoweza ni kuifungulia nyongo njia nyingine tu. Kweli, baada ya wiki mbili macho yakarudi meupe.

Kwetu, ndugu wa mgonjwa huonyeshwa kilichotolewa, kwenye beseni.

“Uliuona huo uvimbe?” baba akaniuliza.

“Niliuona, baba.”

“Mkubwa kiasi gani?”

Nikakunja ngumi. Mjinga mimi!

Nyumbani Mlandege, kila mgeni aliyekuja kutoa pole, baba alimkunjia ngumi kumwonyesha ukubwa wa uvimbe, huku anacheka. Kisha wote walinigeukia mimi, shahidi.