Madirisha Sita Kutoka Bungoma

Ukitaka kubadilisha madirisha ya nyumba yako, usimwachie mume wako kupima. Nasema hivi kwa heshima zote za ndoa, na yeye mwenyewe ameketi hapo sebuleni akijua ninachoandika.

Nyumba yetu ya Kitale tuliinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa akirudi kwao, ikiwa na madirisha sita ya mbao. Mchwa walikuwa wametutangulia. Ukifungua dirisha la chumbani ulibaki na kipande mkononi, na ukilifunga, baridi ya Kitale ilipita kwenye nyufa kama mgeni aliyealikwa. Tena mbao hazipitishi mwanga, kwa hivyo ilibidi uchague: uone, ama upate joto. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na madaftari ya watoto niliyasahihisha nikiwa nimevaa koti na kofia ya sufu, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mwishowe tukakubaliana tuweke ya chuma na vioo.

Mtaani kwetu palikuwa na fundi wa kuchomelea, hatua mia mbili kutoka mlangoni. Nilimtaka huyo. Lakini mume wangu ni mtu wa Bungoma, na huko alikuwa na binamu mwenye karakana karibu na reli. "Huwezi kumpa jirani kazi na ndugu yuko," akasema. Mimi wazazi wangu walitoka mkoa wa Kati wakaja kulima Trans-Nzoia, na kwetu kazi ni kazi, undugu ni undugu. Nikamwachia achague. Leo ningesema hivi: chagua fundi unayeweza kumgombeza bila kuitwa kwenye mkutano wa ukoo.

Matundu yote sita yalikuwa sawa: upana futi tatu, kwenda juu futi nne. Mume wangu alipima, akampigia binamu simu nikiwa nimesimama pale pale.

"Ni nne kwa tatu," akasema.

"Nne kwa tatu?"

"Nne kwa tatu. Zote sita."

"Sawa, bana."

Basi. Hakuna aliyeuliza ipi inalala na ipi inasimama, hata mimi mwalimu wa hesabu.

Ijumaa moja binamu akasema madirisha yako tayari, atayaleta Jumatatu kwa pikapu. Mume wangu akashikwa na hamu. Jumamosi asubuhi alichukua nyundo na mtaimbo, na kufikia saa sita mbao zote zilikuwa nje, nyingine zikichemsha maharagwe. Hapo ndipo mama mkwe alipofika kutoka Kabuchai, bila taarifa, na jogoo kwapani. Akaizunguka nyumba pole pole, akichungulia tundu moja baada ya jingine.

"Mwanangu," akaniuliza, "mnahamia ama mnahama?"

Nilimwogopa mama huyu. Tangu harusi, mazungumzo yetu yalikuwa salamu, chakula na kimya. Nilidhani ananiona mtu wa vitabu asiyejua kukoroga ugali. Na sasa amenikuta katika nyumba isiyo na dirisha hata moja.

Jumatatu pikapu haikuja. Iliharibika Kimilili. Jumanne bado iko Kimilili. Tulifunga mashuka kwenye matundu, lakini shuka halizuii kitu isipokuwa heshima. Jirani yangu, ambaye kwa miaka miwili alinipa "habari" tu, akawa sehemu ya familia. Nilimwuliza mume wangu chumvi iko wapi, na sauti ikajibu kutoka nje, "Mimi niko nayo, nikuletee?" Kuku wake naye aliingia akataga juu ya madaftari ya hesabu ya darasa la tano. Wanafunzi walifurahi sana kusikia, maana shuleni yai ni sifuri, na kumbe hata mwalimu anaweza kupata.

Tulipokwenda kazini, mama mkwe aliweka kiti mbele ya tundu la sebule, fimbo mapajani, akalinda. Jumatano nilirudi nikakuta wanawake watatu wameegemea ukuta kwa nje, vikombe vya chai mikononi, yeye ndani akiwasimulia. Nikaketi karibu naye, nami nikapewa kikombe. Siku hiyo nilijua kwamba mume wangu, akiwa darasa la saba, bado alikuwa akivaa viatu kinyume.

"Na hakuwa anakubali!" mama akasema. "Ati ni viatu vimekosea."

Nilicheka hadi chai ikanimwagikia.

Alhamisi binamu akafika, mtu mkubwa mwenye kicheko kikubwa. Wakainua dirisha la kwanza. Likapita tundu huku na huku kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto.

"Shemeji," binamu akaniambia, "nyumba yenu imesinyaa."

"Nyumba hazisinyai, shemeji."

"Nilikwambia nne kwa tatu!" mume wangu akapaza sauti.

"Na hii si nne kwa tatu?"

Wakapima. Wote walikuwa sahihi, na hilo ndilo lililowakasirisha zaidi. Binamu akaanza kutafuta nyundo kubwa, apanue ukuta.

"Hakuna atakayebomoa nyumba ya huyu msichana," mama mkwe akasema. "Lisimamisheni hilo dirisha."

Wakalisimamisha. Liliingia, kwa kusukumwa kidogo. Tukapiga makofi. Kisha mume wangu akalifungua. Bawaba zilizokuwa kushoto na kulia sasa zilikuwa juu na chini: bawa la juu likainuka kama la kibanda cha duka, la chini likaanguka kama mdomo wa mtu anayeshangaa. Mpita njia akasimama.

"Mko na mkate?"

Mama mkwe aliketi chini kwenye vumbi, akacheka akishika mbavu. Nilipomwinua nikaanguka naye. Wanaume wale wawili wakatutazama kama watu wenye msiba.

Tulipopata pumzi, nikatembea zile hatua mia mbili hadi kwa fundi wa mtaani, nikamwomba amruhusu binamu atumie mashine yake. Akakubali, tena akaja kusaidia. Siku mbili walikata bawaba na kuzichomelea upande, huku yule wa mtaani akitufundisha bila kutucheka sana: andika upana na urefu kwa maneno, usitegemee namba; pima tundu juu, katikati na chini, maana ukuta huwa hausemi ukweli; na usiguse la zamani kabla jipya halijasimama uani ukaliona kwa macho yako.

Vioo vilipowekwa, mwanga uliingia na kunionyesha utando wa buibui niliokuwa nikiishi nao. Mama mkwe alikaa wiki nyingine. Tulishona mapazia pamoja, na akanifundisha kukoroga ugali wake, ambao kweli nilikuwa siujui.

Mwezi uliofuata alinipigia simu mimi, si mwanawe, niende Kabuchai nikapime madirisha yake. Nilimwekea vioo mbele na jikoni. Mawili yaliyotazama zizi alikataa tuyaguse. Alisema ng'ombe wake hawana haja ya kumwona akila.