Kishikio cha Mlango wa Mama

Kaka yangu hawezi kupita penye nyumba inayobomolewa. Akisikia nyundo tu, shingo imeshageuka. Atasimama pale, mikono nyuma, kama mtu aliyefika msibani, akisubiri wabomoaji wapumzike ili awaombe vyuma. Hataki mabati wala matofali. Anataka bawaba, makomeo, vitasa vya zamani na vishikio vya milango ya watu ambao hata majina yao hayakumbukwi. Anavifunga kwenye kitambaa na kurudi navyo karakanani kifua mbele. Mtaani wanamwita Chakavu. Yeye hakasiriki. Ninayekasirika ni mimi mdogo wake, maana mdomo wote wa familia nimepewa mimi.

Vyuma hivyo ndivyo anavyotengenezea viti na mabenchi ya kukaa nje. Benchi lake utalijua tu: mgongo umeshikwa na bawaba za geti, na kimeza cha pembeni kinakunjwa na kufungwa kwa komeo la dirisha la enzi za babu zetu. Kutu anaitoa kwa brashi ya waya, anapaka mafuta, basi. Palipobonyea anapaacha pamebonyea. Palipolika kwa vidole hapagusi kwa msasa hata umpigie magoti. Wateja wananung'unika wee: "Fundi, hiki kishikio mbona kimechoka hivi? Si ungeking'arisha kidogo?" Naye anajibu kwa ule upole wake unaoniudhi, "Hapo pamelainishwa na mikono ya watu. Nikipafuta, hiyo mikono nitaitoa wapi tena?" Wengine wanaondoka wakicheka. Wengine wanakaa kujaribu, na hao kuwanyanyua huwa ni kazi.

Sasa ikaja zamu ya nyumba yetu. Barabara ilikuwa inapanuliwa, na nyumba tuliyozaliwa ikakutwa imekaa pasipotakiwa. Mama alikuwa amepofuka macho zamani, anaishi kwa kupapasa kuta anazozijua. Tukamhamishia kwa kaka, na kaka, badala ya kumwambia ukweli, akamwambia ni kwa muda tu, paa linatengenezwa.

"Akijua inabomolewa, atakufa," alininong'oneza jikoni.

"Atakufa kwa huo uongo wako," nikamjibu. "Mwambie!"

Wifi yangu hata hakugeuka. "Mkitaka kupigana, nendeni nje. Nina sufuria motoni hapa."

Laiti angedanganya kidogo akanyamaza, ningemwelewa. Lakini kaka yangu ni fundi, na fundi hajui kuacha kazi nusunusu. Mama akiuliza, "Paa limefika wapi?" yeye anaeleza mbao zilivyokuja mbichi, zinavyoanikwa, mafundi walivyogombana juu ya vipimo. Alilijenga lile paa lote kwa mdomo. Na mama, kwa kuwa alikuwa anarudi kwake, hakuona sababu ya kuzoea hapo. Hakutaka kutoka chumbani. Kutwa yuko kitandani, miguu inazidi kukakamaa. "Nizoee uani kwenu ya nini? Paa likiisha naondoka."

Siku ya kubomoa, kaka alitangulia na bisibisi yake kabla wabomoaji hawajafika. Aliung'oa mlango wa mbele, yeye mwenyewe, peke yake. Ule mlango! Jioni baba akirudi kutoka kazini, tulikuwa tunaning'inia kwenye kishikio chake, mmoja huku, mmoja kule, tunabembea, na mama anapiga kelele toka ndani, "Mtaung'oa nyie watoto!" Natamani hata leo nisikie zile kelele. Natamani tugombezwe tena, wote wawili, tukimbie nyuma ya nyumba na kucheka.

Akatoa kishikio na bawaba, mbao akazipiga randa kidogo, akaunda benchi. Kazi nzuri, nisimnyime haki yake. Kishikio alikifunga chini ya mkono wa kulia, mahali ambapo mtu mwenye miguu mizito akitaka kuinuka atashika na kujivuta. Alifikiria urefu wa mkono wa mama na udhaifu wa magoti yake, akafikiria mpaka jua la asubuhi litampiga upande gani. Jambo moja tu hakulifikiria, na nashangaa mpaka kesho kwamba hata mimi mwenye mdomo sikuliona.

Tukambembeleza mama, tukamtoa uani tumemshika huku na huku. Akakaa. Akasifu kwamba halichomi mgongo. Kaka akatabasamu hadi masikioni.

"Mama, ukitaka kuinuka kuna pa kushika. Hapo chini, kulia."

Mama akapeleka mkono. Vidole vikakizunguka kishikio, vikasimama. Kidole gumba kikateremka polepole mpaka kwenye kibonyeo, kikakaa humo.

"Hapa baba yenu aligonga kwa jiwe," akasema. "Alisahau ufunguo, na mimi nilikuwa nimelala na wewe mchanga. Nikamtukana mpaka majirani wakatoka."

Nilimwona kaka anabadilika rangi. Miaka yote anawaambia wateja mikono ya watu imo humo, na hakukumbuka kwamba mkono mmoja bado uko hai na una akili zake timamu.

"Kishikio kiko hapa," mama akasema. "Mlango je, uko wapi?"

Kaka akafungua mdomo. Nikajua anataka kurudi kwenye mbao mbichi na mafundi wake wagomvi, nikamkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote.

"Umeukalia, mama," kaka akasema.

Mama akaupapasa ubao, toka kwenye paja lake hadi mwisho wa benchi, na kurudi. Uso wake ulitulia kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Kumbe hakuna paa."

"Hakuna, mama. Hakuna nyumba. Niliogopa."

"Na ulipokuwa unaung'oa, ulilia?"

"Nililia."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Ona sasa!" Sauti ilikuwa ileile ya zamani, ya kutugombeza. "Unakwenda kulia peke yako, mimi mwenye nyumba umeniweka chumbani nakunywa chai! Nyumba ile niliolewa nikaingia, baba yenu alipokufa jeneza lake lilitokea mle. Nani alikwambia mimi siwezi kulia?"

Akajisogeza katikati, akaupiga ubao kwa kiganja, kulia kwake na kushoto kwake.

"Kaeni hapa wote wawili. Tuililie nyumba yetu."