Kibua wa Mtani na Jicho la Sokoni

Walipoweka kamera sokoni kwetu, juu ya nguzo karibu na wauza samaki, kila mtu aliipokea kivyake. Kinyozi akawa anachana nywele kila akipita chini yake. Akina mama wakazidisha poda ya msiro usoni, wakasema kama ni kuonwa, basi tuonwe tumependeza. Mzee mmoja wa Pundanhar kaja kuuza mkaa, kaambiwa ndani ya lile jicho kuna mtu anatazama. Akasimama, akasema, "Asalamaleko." Akangoja. Kimya. Akaondoka ananung'unika: "Watu wa huku hawana adabu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikujua zamu yangu inakuja.

Chini ya ile nguzo kuna mama anakaanga samaki. Yule mtani wangu. Babu zake na babu zangu walitaniana, na sisi tunaendeleza. Kwetu mtani akikuta kitu chako anachukua, na wewe kununa huruhusiwi. Ukinuna umeshindwa, watu watakusema mwaka mzima. Kofia zangu anazo yeye, nadhani anafunikia masufuria. Samaki wake ninao mimi, tumboni.

Basi asubuhi ile nilikuwa naanza serviso Afungi, kwenye kambi ya gesi, kuosha sahani jikoni. Kazi hiyo nimeitafuta mpaka viatu vimecheka. Mama yangu kaninyoshea shati jeupe. Gari la wafanyakazi linapita kando ya soko, na halingoji mtu. Nikapita kwa mtani, nikachukua kibua mmoja wa moto, nikampungia mkono, nikaenda zangu natafuna.

Sijafika barabarani, mlinzi wa soko kanidaka. Mgeni huyo, katoka kusini, Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Wewe ladrau! Kamera ona wewe!"

"Mwizi mimi? Chefe, yule mtani wangu!"

"Mtani nini? Lipa hapana. Kimbia ndiyo."

"Sijakimbia, chefe. Nani anaweza kukimbia na kibua wa moto mdomoni?"

Hakucheka. Akanirudisha mpaka kwa yule mama, watu nyuma yetu kama tunapeleka bwana harusi. Nikamwona mtani anajifuta mikono taratibu, nikajua nimekwisha.

"Mama, jua huyu?" mlinzi kauliza.

Mama kanitazama toka utosini mpaka kwenye ndala. "Huyu? Simjui. Ila sura ya wizi anayo. Mfunge, chefe, na kamba nitakuazima."

Soko likaangua kicheko. Mlinzi peke yake ndo hakucheka, anapapasa pingu kiunoni. Mara nikasikia gari la Afungi linapiga honi.

"Mtani, nakuomba! Gari linaniacha, serviso yangu inapotea!"

"Kumbe una serviso? Basi vua shati."

"Shati la nini?"

"La kibua wangu. Au nimwambie chefe akutie pingu?"

Nikavua. Akalipokea, akalinusa, akajifunga kichwani kama kilemba. Ndo akamgeukia mlinzi: "Muachie, chefe. Mtani wangu huyo. Kaangalie kamera yako ya jana, utaniona mimi namwibia kofia."

Mlinzi kanitazama mimi, kamtazama yeye, kaitazama nguzo.

"Wote ladrau," kasema, akaniachia mkono.

Nikachomoka. Mama akanirushia kanga yake moja chakavu: "Funika hizo mbavu! Wakiziona huko watadhani umekuja kula, siyo kuosha!"

Gari nilidandia limeshaanza kutembea. Jamaa ndani wakaniuliza naenda kazini au naenda kuolewa. Langoni Afungi kuna kamera vilevile. Nikajitanda kanga vizuri, nikasimama wima, wanione.

Kazi ninayo mpaka leo. Na sokoni siku hizi nikitaka samaki, namwinua kwanza juu, naionyesha ile kamera: "Chefe, naiba!" Mlinzi ananijibu kwa mbali, "Iba, iba!" Kazoea sasa, juzi kamwibia mtani mhogo.

Shati ndo halijarudi. Siku moja nimepita pale, nikamkuta mama analipangusia kikaango, macho kwangu, anangoja ninune. Nikauma meno, nikacheka.