Kabati la Kinyonga

Fundi wa kabati za maduka alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona kitu kimekaa gizani akakiacha. Ukimpa saa iliyokufa, ataitengenezea sanduku la kioo, aitie taa juu na taa chini, na atakayepita ataulizia bei. Mtaani walimwita Mng'ao. Duka la simu, la manukato, la miwani, hata la majeneza, yote yaling'aa kwa mkono wake. Mwenye majeneza alidai kwamba tangu awekewe taa watu huingia kutazama tu, jambo ambalo zamani halikuwapo.

Mtu mmoja tu hakuwahi kubabaishwa na kazi yake, naye alikuwa mama mkwe. Mwaka wa harusi fundi alimpelekea kabati la vyombo lenye milango ya kioo na taa tatu ndani. Mama mkwe alilizunguka, akagonga kioo kwa ukucha, akasema, "Asante, baba." Safari iliyofuata fundi alilikuta jikoni, limejaa vitunguu. Baadaye alimtengenezea meza, kisha rafu ya viatu, na kila mara aliambulia asante ileile, ya kumpa mtu aliyekupisha mlangoni. Lilimuuma jambo hili kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Basi mama mkwe alipotakiwa kupasuliwa goti, ikakubalika kwamba atauguzwa kwa binti yake mkubwa, na kinyonga wake atakaa kwa fundi. Kinyonga mwenyewe alikuwa wa marehemu mumewe. Mzee yule alimfuga ndani ya nyumba kama watu wengine wanavyofuga paka, na alipofariki mjane akamrithi, akawa anamsimulia habari za majirani kila asubuhi. Siku ya kumleta alikuja naye mwenyewe, akichechemea nyuma ya wachukuzi wa kizimba. Kizimba kilikuwa cha mbao na wavu, kirefu kama mtoto wa shule, kimejaa matawi na majani. Juu yake, kwa nje, zilining'inia taa mbili: moja ya joto, nyingine ndefu, ya kutoa miale kama ya jua.

"Nisikilize, baba," alisema mama mkwe. "Taa zinakaa nje, juu ya wavu. Ndani haziingii. Jioni unazima zote alale. Asubuhi unamnyunyizia maji kwenye majani, maana bakulini hanywi. Na usimhamishe humu."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Mambo ya taa hapa ndipo kwao."

"Ndiyo maana nasema usimhamishe." Akaweka kiganja kwenye wavu. "Huyu ndiye niliyebakishiwa na baba yenu. Akifa huyu, mimi sijui."

Hakusema hajui nini. Fundi aliyasikia yote hayo vizuri kabisa, ila aliyasikia kama anavyowasikia wateja wote, yaani kwa heshima na bila nia ya kuyafuata. Alipobaki peke yake alikitazama kile kizimba akaona banda la kuku lililokata tamaa. Papo hapo akakata shauri: mama mkwe atakaporudi, atamkuta kinyonga katika kabati ambalo hata yeye hatathubutu kulitia vitunguu.

"Mama si amesema asihamishwe?" mkewe aliuliza.

"Amesema hivyo kwa sababu hajaona kinachokuja."

Kazi aliifanya kwa moyo mmoja, na tumpe haki yake, lilikuwa kabati zuri. Fundi yeyote wa maduka angekwambia kwamba taa haikai nje ya kioo, kwa sababu itaakisi na kuficha bidhaa. Inakaa ndani. Mlango unazibwa vizuri vumbi lisiingie. Nyuma kinawekwa kioo cha kujitazama, ili chupa kumi za manukato zionekane ishirini. Na taa haizimwi usiku, kwa ajili ya wezi. Sheria zote hizo alizifuata bila kuacha hata moja. Hakuwahi tu, katika maisha yake yote ya ufundi, kutengeneza kabati la bidhaa yenye miguu. Mbao za kizimba cha zamani alizikata vipande akazitumia kuegemezea vioo wakati gundi inakauka.

Kinyonga alipowekwa ndani alivimba, akajikunja ubavu, akawaka rangi ambazo hakuna aliyejua kuwa anazo: kijani kikali, mistari ya njano, madoa mekundu shingoni. Fundi alimwita mwenye duka la simu aje ashuhudie.

"Kumbe ana mambo yote haya!"

"Alikosa mazingira tu," fundi alisema, kichwa kimemvimba.

"Mbona ameachama?"

"Anacheka huyo."

Maskini mnyama hakuwa anacheka. Alikuwa ameliona dume geni ndani ya nyumba yake, akalitukana kwa rangi zote alizonazo ili liondoke. Dume lile la kwenye kioo halikuondoka. Lilimrudishia tusi kwa tusi, mchana kutwa, na usiku vilevile, kwa kuwa hapakuwa na usiku. Nje ya kabati watu walikuwa wakisifia.

Mke wa fundi ndiye aliyeanza kuingia wasiwasi. Panzi waliowekwa ndani waliendelea kujitembelea kana kwamba wamepanga chumba. Kinyonga alikuwa akifumba macho mchana.

"Huyu si mzima," alisema. "Baba alikuwa akisema kinyonga hafumbi macho mchana bure."

"Amestarehe."

"Amestarehe gani na huko ndani kuna joto kama tanuri? Ingiza mkono wako uone."

Fundi hakuingiza mkono. Alisema ataongeza tundu la hewa akipata nafasi, akaenda zake kazini kumtilia mtu taa kwenye rafu za soksi.

Asubuhi iliyofuata alimkuta kinyonga amepanda hadi juu kabisa, amekumbatia waya wa taa, mgongo umegusa balbu. Alikuwa ametulia tuli. Kinyonga hufuata joto juu kwa sababu huko porini joto la juu ni jua, na jua haligusiki. Hana habari kwamba kuna joto unaloweza kulifikia likakubabua. Fundi alipomshusha aliona ngozi ya mgongoni imegeuka nyeupe, na katikati pana doa jeusi lililokunjamana. Akaketi sakafuni na yule mnyama kiganjani, akaogopa kama alivyoogopa mara chache sana maishani, na kwa mara ya kwanza hakumfikiria mama mkwe kama mtu wa kumsifu. Alimwona kama mjane, basi.

Daktari wa mifugo alianza kwa kusema kwamba yeye hasa ni wa ng'ombe. Hata hivyo alikisafisha kidonda, akatoa dawa ya kupaka, akaagiza taa zitoke ndani, vioo viondoke, hewa ipite, na mgonjwa aachwe apumzike.

"Na kile cha kujitazama kiliwekwa cha nini?"

"Ili aonekane wawili," alisema fundi.

Daktari akaendelea kuandika dawa.

Fundi alilivunja kabati mwenyewe. Akatengeneza kizimba kingine kwa mbao na wavu laini usioweza kunasa kucha, akijitahidi kukumbuka kila neno aliloambiwa na kulipuuza. Taa alizitundika nje, juu ya wavu, mbali kiasi. Alipenyeza mkono hadi kwenye tawi la juu kabisa, akauacha pale chini ya taa mpaka mkewe akachoka kumtazama. Ulipoanza kuungua, akapandisha taa, akaurudisha tena, hadi akahisi uvuguvugu tu kama wa jua la asubuhi. Tawi la chini aliliacha kwenye ubaridi, mnyama achague mwenyewe. Kisha akajaza majani mengi, kinyonga apate pa kujificha asionekane na mtu yeyote. Kwa fundi huyu hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Kizimba kilipokamilika kilikuwa kibaya kwelikweli, na mwenye duka la simu alipopita hakuona hata cha kuulizia.

Kinyonga alipotea ndani ya majani. Siku zikapita, fundi hana raha, anazima taa jioni na kunyunyiza maji asubuhi kama mtu anayeswali. Halafu asubuhi moja ulimi ukachomoka kutoka majanini, ukaondoka na panzi. Fundi akageukia ukutani, machozi yanamtoka kwa ajili ya panzi, akamwambia mkewe ni vumbi la mbao.

Mgonjwa alipona, lakini kovu halikuondoka. Mama mkwe alipofika, anatembea vizuri kwa fimbo, fundi alikuwa ameshaandaa maneno: kinyonga aliteleza, akajikwaruza kwenye tawi. Mkewe alikwenda jikoni kuchemsha chai. Mama mkwe akavuta kiti mpaka kwenye wavu, akatafuta kwa macho bila haraka.

"Hiki si kile kizimba."

"Si kile, mama."

Akanyoosha mkono chini ya taa, akauacha pale kwa muda. Akautoa. Kinyonga alikuwa amekaa kwenye tawi, rangi ya majani makavu, amegeuza jicho moja upande wao.

"Na mgongoni?"

Fundi alifungua mdomo aseme aliteleza. "Nilimuunguza mimi, mama," alisema. "Niliweka taa ndani. Ulinikataza."

Akainamisha kichwa, akangoja. Mama mkwe hakupandisha sauti. Aliegemeza fimbo ukutani, akatazama mlango wa jikoni, akasogeza kiti karibu na fundi.

"Huyu ni wa pili," alisema polepole. "Wa kwanza nilimuua mimi. Baba yenu alikuwa safarini, kukawa na baridi, nikamwonea huruma, nikamtilia taa ndani. Alipokufa nikazunguka mji mzima nikapata anayefanana naye. Baba yenu alirudi, akamtazama, akasema, unaona, hajanisahau."

"Hakujua?"

"Kila siku alikuwa ananiambia, mnyama huyu ananijua. Na mimi naitikia, eh, anakujua. Nikasema nitamwambia kesho. Wewe umesema hapo hapo nilipokuuliza. Mimi nimemzika sijasema."

Akaweka mkono kwenye wavu. Fundi aliushika, kwa mara ya kwanza tangu awe mkwe wake, naye hakuuondoa.

"Mnaongea nini huko?" mke wa fundi aliuliza kutoka jikoni.

"Habari za taa," mama mkwe akajibu.