Daftari Tulilolichoma

Digrii yangu ilinitia kiburi cha kuhamisha majina ya washirika wa kanisa letu, huku Zombe, kutoka daftarini hadi kwenye kompyuta. Majina ya Kikamba yana i na u zenye alama juu yake. Safu niliyoyatengea kwenye jedwali la kompyuta haikuzijua herufi hizo, ikahifadhi alama ya kuuliza mahali pa kila moja. Sikukagua. Daftari kuukuu tulilichoma, na kiberiti nilishika mimi.

Siku ya kugawa kadi za washirika zilizochapwa kutoka kompyutani, mama mzee wa kwaya alinirudishia yake.

"Mwalimu, huyu si mimi."

"Ni kompyuta, Mama."

"Kompyuta ilibatizwa lini hapa?"

Nilirekebisha safu ikubali herufi zote, lakini zilizopotea hazikurudi. Basi kwa Jumapili tatu niliketi mlangoni baada ya ibada, washirika wakiandika majina yao upya, mmoja mmoja, kwenye daftari jipya. Mgongo uliniuma. Mama yule alikuja wa mwisho, akaandika lake polepole, kisha akalitia daftari mkobani mwake.

"Hili litakaa kwangu," alisema. "Ukitaka kulisoma, njoo. Kiberiti uache kwako."