Mwalimu Veneranda Arudishwa Darasa la Kwanza

Kwa miaka ishirini na sita Mwalimu Veneranda alifundisha darasa la kwanza katika shule iliyo juu kidogo ya Mhezi, na kwa muda wote huo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hajui kazi. Kila asubuhi watu waliokuwa wakipalilia tangawizi ng'ambo ya bonde walilisikia darasa lake likiimba ukurasa mzima wa kitabu bila kukosea, na wengine waliinua majembe kwa kufuata mwendo huo. Kwa hiyo barua ya kumwita kwenye semina ya kufundisha kusoma ilipofika, alimuuliza mwalimu mkuu, Mwalimu Aminieli, kama hawakukosea jina. Aminieli akamwambia jina ni lake, na gari la kuteremka Same linaondoka saa kumi na moja alfajiri.

Mwezeshaji wa semina alikuwa kijana aitwaye Rodrick, kavaa raba nyeupe pe. Alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, Veneranda akaitikia marahaba, na papo hapo akaamua kwamba mtu wa umri wa kitindamimba wake hana cha kumfundisha. Akachagua kiti cha nyuma, kando ya Mwalimu Kassimu wa Makanya, mtu wa utani mwingi, akatoa uzi na sindano, akaendelea kufuma sweta.

Siku ya pili Rodrick akagawa karatasi. Juu palikuwa na picha ya mbuzi, na chini yake mistari mitano ya alama alizozitunga mwenyewe: vikulabu, vimiraba, na kitu mfano wa sikio la punda. Akasema kuanzia sasa wao ni darasa la kwanza na hizo ndizo herufi zao. Akawasomea mara tatu, nao wakafuatisha, habari za mbuzi wa babu aliyekula kofia ya mgeni.

Veneranda akaweka sweta chini. Sifa ni sifa, hata michezoni. Akajitolea kusoma peke yake, akasimama, akapitisha kidole chini ya mistari na kuimaliza yote mitano bila kukwama. Ukumbi mzima ukampigia makofi.

"Safi sana, Mwalimu," Rodrick akasema. "Sasa nionyeshe neno *kofia*."

Kidole kikaning'inia hewani. Veneranda akaanza upya kimoyomoyo tangu kwa mbuzi, akihesabu maneno, akatua kwenye sikio la punda. Rodrick akamweleza kwa upole kuwa hapo ni *babu*. Akajaribu tena, akaangukia *amekula*. Ndipo akafanya jambo alilokuwa akiwakaripia watoto miaka yote: akachungulia karatasi ya jirani. Kassimu alikuwa ameishika ya kwake juu chini.

Wakati wa chai akamsogelea jirani yake.

"Watoto wangu wanasoma hivi hivi, Kassimu," akasema. "Kama mimi pale."

Kassimu, kwa mara ya kwanza tangu semina ianze, hakutia utani. Alisema wa kwake nao ni vilevile, tena wana sauti nzuri zaidi. Siku tatu zilizobaki sindano za kufumia hazikutoka mkobani.

Jumatatu, akiwa amerudi Mhezi, Veneranda alimwita Priska, msomaji wake bora kuliko wote. Priska akasoma vizuri ajabu, macho yakiwa dirishani. Mwalimu akakifunga kitabu taratibu. Priska akaendelea kusoma mpaka nukta ya mwisho. Veneranda alicheka hadi ikabidi aketi, na alipokwisha kuketi hakuona tena cha kuchekesha. Aliwawaza watoto aliowafundisha kwa miaka ishirini na sita, wote aliowapigia makofi.

Kesho yake akaanza upya, na sauti za herufi. Wimbo ukafa, darasa likabaki likivuma "mmm" na kufoka "sss". Ng'ambo ya bonde majembe yakasimama. Mzee mmoja mwenye mizinga alipanda mpaka shuleni kuuliza nyuki wamehamia darasa gani. Aminieli naye alikuja, akalalamika kwamba mwezi umekatika na watoto hawajavuka ukurasa wa tatu, ilhali zamani kufikia wakati huo kitabu kilikuwa nusu. Veneranda akamjibu kwamba hata yeye kule Same alimaliza karatasi nzima.

Wiki chache baadaye Priska alitumwa chaki ofisini, akapotelea huko. Veneranda akamfuata, akamkuta mbele ya mlango, pua karibu iguse karatasi iliyobandikwa asubuhi ile. Aminieli alikuwa ametoka na kusimama nyuma yake.

"Wa-li-mu," Priska akasoma. "Wa-li-o-che-le-wa." Akavuta pumzi. "Ve-ne-ra..." Hapo akahangaika, maana *nda* walikuwa hawajafika. Akaziunga sauti moja moja kwa midomo, kisha akageuka. "Mwalimu, ni wewe."

Aminieli akakohoa, akanyoosha mkono kuibandua. Veneranda akamshika mkono.

"Iache, Mwalimu Mkuu," akasema. "Chini ya langu kuna jina la pili, mtoto hajamaliza."