Maharusi Barazani kwa Mama Henriette

Mama Henriette alihamia mtaa wa zamani wa katikati ya mji wa Likasi mumewe, Casimir, alipopandishwa cheo katika kiwanda cha shaba cha Shituru. Walipewa nyumba ya enzi za Wabelgiji yenye baraza ya mviringo, madirisha marefu na sakafu ya vigae vyekundu na vyeusi. Casimir alipofariki, Henriette alibaki humo peke yake, akifagia maua ya jakaranda na kugombana na maharusi.

Maharusi hao hawakuisha. Miti ilipochanua walikuja kila Jumamosi kutoka mtaa wa Kikula kupigwa picha mbele ya nyumba zile nzuri, na ngazi za Henriette ndizo zilizowavutia zaidi. Walikaa bila hodi, wakakanyaga maua yake. Naye alitoka na ufagio.

"Hapa haiko studio," alikuwa akiwaambia.

Jumamosi moja mvua ya kwanza ya msimu ilimwagika ghafla, maharusi wakiwa bado njiani chini ya miti. Henriette aliwaona kupitia dirisha. Bibi harusi alikuwa amekunja gauni hadi magotini, bwana harusi amevua koti na kumfunika kichwa. Wasimamizi wao na mpiga picha walijibanza kwenye mti ambao haukumkinga mtu.

Akafungua mlango. "Muingie bote. Mutagonjwa."

Bibi harusi aliitwa Chérie. Mumewe, Chadrack, alichimba shaba katika mgodi wa Kakanda. Chérie alisimama kizingitini, hataki kuchafua sakafu. Pindo la gauni lilikuwa tope tupu na machozi yalimlenga.

"Usilie, mwanangu," Henriette alisema. "Vua, ulete hapa."

Alimpa kitenge ajifunge, akafua pindo kwa sabuni, akalipiga pasi hadi likakauka. Sebuleni, mpiga picha alikuwa ameinama anatazama vigae na mwanga wa madirisha.

"Mama, sisi tulikuwa tunapiga picha inje tu," alisema. "Kumbe uzuri wote iko mu ndani."

Henriette alicheka. Akawaonyesha mlango wa vioo vya rangi, na kona aliyokuwa akikaa Casimir kusikiliza redio. Tangu msiba hakuwa amemsimulia mtu habari za nyumba ile. Maneno yalimtoka yenyewe.

Picha ilipokuwa tayari kupigwa, Chérie alimvuta mkono. "Mama, weye pia ukuje."

"Miye? Na hii kikwembe ya jikoni?" Henriette alisema, akishika kitenge alichojifunga.

"Na hiyo hiyo."

Akasimama katikati yao.

Mvua ilipokatika hawakukubali aachwe. Walimpakia garini pamoja nao hadi Kikula, ambako shangazi za Chérie walimkalisha meza ya mbele kama mzazi. Alikula bukari, ugali wa kwao, na samaki, akacheza hadi kiatu kikakatika mkanda. Akakivua, akaendelea.

Siku hizi Jumamosi geti lake liko wazi. Maharusi wanabisha hodi, na kabla ya picha lazima wapangusie miguu mlangoni. Hapo Henriette hakubali kubembelezwa.